Mbona kila chokoleti iligeuka kuwa likorisi?

Dada mmoja ameniandikia, nami nafupisha barua yake. Alipewa zawadi ya boksi la chokoleti kumi na mbili za ladha zisizozoeleka: za likorisi, za pilipili, za lavenda, za chumvi, za mafuta ya zeituni na za jibini. Jioni moja akakaa na mama yake wakaanza kuonja, na kwa kuwa zile za likorisi ndizo zilizowatia hamu zaidi, wakaanza nazo. Anasema: “Kuanzia ya tatu sikusikia tena tofauti. Zote zilikuwa na utamu wa aina moja unaong'ang'ania kooni, na ya lavenda ilikuwa kama sabuni. Mama akasema hizi ni mbwembwe za wauzaji tu. Je, ulimi wangu ndio mbovu, au kweli chokoleti haifai kuchanganywa na vitu hivi? Zimebaki sita: mbili za likorisi, na moja moja ya pilipili, lavenda, zeituni na jibini. Halafu mama ana presha, na nimesikia likorisi si nzuri kwake.”

Dada yangu, nianze na mama. Zile za likorisi asiongeze kwa sasa, mpaka umalize kusoma hapa. Sababu ina maelezo yake na nitaifikia, ila nisingependa aendelee kula wakati sisi tunazungumzia ladha.

Sasa ulimi wako. Hauna tatizo lolote. Ulionja kilichokuwepo kinywani, na kilichokuwepo kinywani kuanzia ile ya tatu ilikuwa likorisi, hata kama mkononi ulishika lavenda. Mlichokosea ni zamu. Nimeonja chokoleti kwa kazi miaka mingi, na watu wanaoniuliza kuhusu ladha ngeni karibu wote huuliza swali moja: kitu gani kinaendana na chokoleti? Ni wachache wanaouliza kitu hicho kinafika lini kinywani na kinaondoka lini. Kwangu mimi jibu liko hapo. Kila ladha ina muda wake wa kuingia na wa kutoka. Zikipishana vizuri utazisikia zote. Zikigongana mlangoni, yenye nguvu huipiga kumbo iliyo dhaifu, na mara nyingi inayoanguka ni chokoleti.

Likorisi ni mzizi. Mmea wake unaitwa kisayansi Glycyrrhiza glabra, ni wa jamii ya kunde, na jina hilo limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mzizi mtamu. Mizizi huchemshwa, maji yake hukaushwa, na kinachobaki ni kitu cheusi kigumu kinachong'aa kama lami, chenye uchungu na utamu kwa pamoja. Utamu huo unatokana na glisirizini, ambayo kwa uzito ule ule ni tamu takriban mara 50 kuliko sukari. Lakini tabia yake si ya sukari hata kidogo. Sukari ukiiweka ulimini unaijua papo hapo, na ukimeza imekwisha. Glisirizini huchelewa kuja, na ikishakuja haina haraka ya kuondoka. Unaweza kumeza, ukazungumza, ukanywa maji, na bado iko pale. Ndiyo iliyokaa kinywani mwenu ikipokea kila chokoleti iliyofuata.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwenye boksi kabla ya kwenda mbali. Kuna peremende nyeusi nyingi zinazoitwa likorisi ambazo hazina mzizi huo kabisa, zina mafuta ya anisi tu. Anisi na shamari zina harufu ya anetholi, ambayo inashabihiana na ile tuliyoizoea kwenye likorisi, lakini mimea hiyo haina udugu na mzizi wenyewe. Kwa muonjaji tofauti ni kubwa: anisi huja mapema kupitia puani na hupoa mapema, wakati mzizi huja nyuma na kukaa. Kwa mama yako tofauti ni kubwa zaidi. Kwa hiyo geuza boksi usome viambato. Kwa jinsi ulivyoeleza utamu uliong'ang'ania kooni, ningebashiri zenu ni za mzizi halisi.

Chukua moja ya zile mbili zilizobaki tuiangalie kwa karibu. Nadhani ni ya mviringo, kokwa laini ya likorisi katikati, koti la chokoleti juu yake, na unga wa kahawia au mweusi uliopakwa nje. Iweke ulimini usiitafune. Kinachotangulia ni unga: mkavu, una harufu ya udongo na molasi, na unaweza kukuchonyota kidogo kwa uchungu. Bado hakuna utamu wa maana. Subiri. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi za selisiasi, chini kidogo ya joto la mwili, kwa hiyo baada ya muda mfupi koti linalegea lenyewe na kuutandaza mdomo kwa mafuta laini. Hapo ndipo chokoleti inapozungumza, na ina nafasi ndogo tu ya kufanya hivyo. Imung'unye. Koti likikaribia kwisha, meno yanakutana na kokwa, inanata, ina chumvichumvi, na sasa unatafuna. Meza. Halafu usile kitu kingine, kaa kimya uhesabu taratibu mpaka sitini. Utasikia utamu ukipanda kutoka nyuma ya ulimi wakati kinywa tayari ni kitupu. Wengi hawajawahi kuukuta mwanzo wa utamu huu kwa sababu wakati unapanda wao tayari wamechukua kipande kingine.

Ukishausikia ukipanda hivyo, utaelewa ni chokoleti ipi inaifaa likorisi. Mimi nasema chokoleti ya maziwa, na sioni haya kuwa na upande. Maziwa na sukari yake hujaza ule muda wa mwanzo ambao likorisi bado haijafika, na zinapopungua ndipo mzizi unaingia, kama watu wawili wanaopokezana mzigo njiani. Watu wa Iceland wanalijua hili siku nyingi. Chokoleti ya maziwa yenye vipande laini vya likorisi ndani ni kitu cha kawaida kabisa kwao, hakuna anayeiona kuwa ngeni. Nchini Denmark, kwenye kisiwa cha Bornholm, Johan Bülow alianza mwaka 2007 kuchemsha likorisi kwa mikono, na baadaye kuivika chokoleti, na aina hiyo ya vidonge vya mviringo ikatoka huko kusambaa sehemu nyingi.

Chokoleti nyeusi ya asilimia 70 na kuendelea ni kesi nyingine. Kakao ina uchungu wake unaotokana na theobromini na kafeini, na ina ukakasi, ule unaokausha ulimi na kuufanya ujisikie kama umepigwa msasa. Vitu hivyo navyo huchelewa na kukaa. Kwa hiyo uchungu wa kakao na uchungu wa mzizi hukutana saa moja, na unachopata ni ladha ya dawa ya kikohozi. Nimeona watengenezaji hodari wakijitahidi kuzipatanisha na kushindwa. Isipokuwa kwa kakao yenye uchachu wa matunda, mfano nyingi za Madagascar ambazo zina ladha inayokaribia matunda mekundu. Uchachu huo unapita katikati ya uchungu wa kakao na ule wa mzizi, na kila mmoja unapata kupumua. Chokoleti nyeupe haina unga wa kakao, ni siagi ya kakao, maziwa na sukari, kwa hiyo haishindani na chochote. Peke yake na likorisi naiona inachosha kwa utamu, lakini ikitiwa unga wa tunda chachu, kama pasheni, inakuwa nzuri sana.

Umegusia chumvi kwa kupita, wala haikubaki hata moja, lakini ndiyo ladha iliyo na mafunzo mengi kuliko zote kwenye boksi lile. Watu hudhani chumvi kwenye chokoleti ni ya kuleta ubishi wa tamu na munyu. Kazi yake kubwa ni kunyamazisha uchungu. Mwaka 1997 watafiti wa ladha Paul Breslin na Gary Beauchamp walionyesha kwamba chumvi inapunguza uchungu unaosikika, na uchungu ukishapungua utamu uliokuwa umefunikwa unajitokeza. Chembe moja juu ya chokoleti nyeusi inafanya kazi hiyo mbele ya macho yako. Na kwa kuwa chumvi huyeyuka haraka kwenye mate, huja kwanza kabisa na kuondoka kwanza, haiachi deni kwa inayofuata.

Kuna chumvi nyingine ambayo utakutana nayo ukiendelea na likorisi, nayo si ya mezani. Finland wanaiita salmiaki. Ni kloridi ya amonia, na peremende za likorisi zenye chumvi hiyo hupendwa mno katika nchi za Kaskazini mwa Ulaya, Uholanzi na sehemu za kaskazini za Ujerumani. Ukiionja mara ya kwanza utashtuka: ni munyu, ni kali, ina uchungu, na inapanda puani. Mwaka 2023 kundi la Emily Liman wa Chuo Kikuu cha Southern California lilionyesha kwamba kloridi ya amonia huamsha protini iitwayo OTOP1, ile ile ambayo ulimi hutumia kutambua uchachu. Kwa hiyo mtu anayekuambia salmiaki ni chachu kidogo hajakosea. Juu ya chokoleti ya maziwa, kiasi kidogo sana cha salmiaki ni kizuri kuliko unavyofikiri, kwa sababu kinakata mafuta. Kikizidi, chokoleti imekwisha, na hakuna cha kuirudisha.

Pilipili. Mama akisema ni mbwembwe za wauzaji, kwa hili mpe historia. Chokoleti ilikuwa kinywaji kwa karne nyingi kabla haijawa kitu cha kutafunwa, na watu wa Mexico ya kale waliikoroga pamoja na pilipili, vanila na maua, wakati sukari ya miwa ilikuwa haijafika kabisa upande huo wa dunia. Chokoleti ngumu ya kula, ile ya bapa, ilitengenezwa na kampuni ya Fry huko Uingereza mwaka 1847, na ya maziwa ikaja mwaka 1875 kwa Daniel Peter wa Uswisi. Tukihesabu miaka, chokoleti na maziwa ndio wageni. Chokoleti na pilipili ni wenyeji.

Ukali wa pilipili hausikiki na ulimi kwa njia ile ya chumvi na sukari. Kapsaisini, kiini cha ukali huo, inagusa kipokezi cha joto, TRPV1, ambacho kwa kawaida huamka kwenye nyuzijoto 43 hivi, na ubongo unapokea taarifa kwamba mdomo unaungua. David Julius, aliyegundua kipokezi hicho, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa muonjaji la muhimu ni kwamba kapsaisini huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Ndani ya chokoleti hujificha kwenye siagi ya kakao na kutoka polepole, kwa hiyo unakula kwa amani, unameza, na ndipo moto unawaka kooni. Kama mtengenezaji ana busara, wakati huo chokoleti imeshasema yake yote. Ndiyo maana naipenda. Na ndiyo maana maji hayakusaidii ukizidiwa, kunywa maziwa.

Tuje kwenye sabuni yako. Lavenda ina linaloli nyingi, harufu inayotumika pia kwenye sabuni na manukato kwa wingi, na pua yako imeijua bafuni miaka mingi kabla ya kuijua mezani. Hivyo kuna ukweli katika ulichosema. Lakini kuna kingine. Harufu ya ua inahitaji kitu cha kuegemea. Ikiwa na uchungu mdogo wa kakao na uzito wa maziwa inakuwa ua juu ya chakula. Nyie mlikuwa na glisirizini ulimini iliyofunika uchungu na maziwa, kwa hiyo lavenda ikabaki peke yake hewani, na lavenda ikiwa peke yake ni sabuni. Jaribu hivi: ziba pua kwa vidole, weka kipande cha lavenda mdomoni, kimung'unye. Utasikia utamu na uchungu basi, hakuna lavenda. Achia pua huku ukitoa pumzi. Yote inaingia kwa mkupuo. Harufu hupanda kutoka nyuma ya koo kwenda puani, na sehemu kubwa ya tunachoita ladha ya chokoleti inapita njia hiyo.

Maua na chokoleti yana kisa ninachokipenda kuliko vyote. Katika karne ya 17, Cosimo wa Tatu wa ukoo wa Medici, mtawala wa Toscana huko Italia, alikuwa na chokoleti ya asumini ambayo namna ya kuitengeneza ilifichwa kama siri ya dola. Tabibu wake, Francesco Redi, ndiye aliyekuwa na siri hiyo. Asumini haivumilii moto, harufu yake hupotea. Kwa hiyo walipanga kakao iliyokaangwa na kuvunjwavunjwa, tabaka la kakao, tabaka la maua mabichi, wakayaacha siku nzima, wakayatoa maua yaliyonyauka na kuweka mengine mabichi, tena na tena kwa siku kumi au kumi na mbili. Mafuta ya kakao yakanywa harufu bila moto kuguswa. Mtu aliyefikiria jambo hilo alikuwa anaielewa kakao barabara, kwamba mafuta yake hayachagui, hufyonza harufu yoyote iliyo jirani.

Na hapo ndipo ninapokutilia shaka boksi lako. Chokoleti kumi na mbili zimekaa pamoja, zisizo na karatasi pengine, zikiwa na unga wa likorisi, jibini na lavenda chini ya kifuniko kimoja. Zilianza kuonjana zenyewe kabla ninyi hamjafungua.

Kuhusu jibini sitasema mengi. Kama ni lile lenye ukungu wa buluu, lina chumvi, mafuta na harufu ya kuchachushwa, na tukumbuke mbegu za kakao nazo huchachushwa kwa siku kadhaa kabla ya kukaushwa, kwa hiyo si wageni kama wanavyoonekana. Kulikuwa na wakati wapishi waliamini kwamba vyakula vyenye chembe za harufu zinazofanana lazima vipatane. Imani hiyo ilipata nguvu pale mpishi Heston Blumenthal wa Uingereza alipokutanisha chokoleti nyeupe na mayai ya samaki. Kisha mwaka 2011 mtafiti Yong-Yeol Ahn na wenzake wakachambua mapishi maelfu kwa maelfu na kuona kwamba mapishi ya Magharibi hupenda kuunganisha vyakula vyenye harufu za pamoja, wakati ya Asia Mashariki huelekea kuviepuka. Kama sheria ile ingekuwa ya ulimi wa binadamu, isingebadilika kwa kuvuka bara. Kwa hiyo sizitumii orodha za kufanana kwa harufu kuamua. Natumia saa. Jibini hutangulia na chumvi, hukaa na mafuta, na hutoka na harufu yake puani. Chokoleti nyeusi inaweza kulisubiri, ya maziwa haiwezi.

Ile ya zeituni ni ya upole kuliko zote na huenda ndiyo iliyoonewa zaidi jioni ile. Huko Katalonia, Hispania, mkate wenye chokoleti, mafuta ya zeituni na chembe za chumvi ni kitu ambacho watoto hupewa. Mafuta mazuri ya zeituni yana ukali mdogo wa pilipili unaokwaruza koo mwishoni. Ukiukuta, umeonja.

Kwa sita zilizobaki, ningekuwa wewe nisingezimaliza kwa mkao mmoja. Siku ya kwanza onja zeituni, kisha lavenda, kisha jibini. Siku nyingine anza na pilipili, pumzika mpaka moto uishe kabisa, ndipo umalizie na likorisi, na baada yake hakuna kitu tena. Daima likorisi iwe mwisho. Mimi kwenye meza ya kuonja sipendi vizidi vitano au sita hata kama zote ni laini, maana baada ya hapo pua huchoka na mtu huanza kusifu asichokisikia. Zikate, gramu nne au tano za kila moja zinatosha. Ziwe na joto la chumba. Zikitoka kwenye friji zimenyamaza, na siagi ya kakao haitayeyuka kwa wakati, kwa hiyo mpangilio wote niliokueleza unavurugika. Kati ya moja na nyingine kunywa maji ya uvuguvugu. Ya baridi yanagandisha mafuta ulimini na kutengeneza utando, na chokoleti inayofuata inatua juu ya utando huo badala ya ulimi. Kipande cha mkate mtupu au tofaa kinasaidia pia.

Kama una moyo wa kujaribu, kuna jaribio ambalo humfundisha mtu zaidi ya boksi lolote. Tafuta unga wa mzizi wa likorisi na gramu 100 za chokoleti ya maziwa ya kawaida. Yeyusha chokoleti taratibu kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, isizidi nyuzijoto 45. Hakikisha hata tone la maji haliingii, kwa sababu tone moja linatosha kuifanya igande mabonge kama udongo. Igawe nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza changanya nusu gramu ya unga ndani yake, umimine vijitone kwenye karatasi. Nusu ya pili mimina vijitone vitupu, halafu unyunyizie nusu gramu ile ile juu yake kabla havijakauka. Viache vigande. Chokoleti ni ile ile, likorisi ni ile ile, kipimo ni kile kile. Onja cha kunyunyiziwa kwanza, pumzika, kisha cha kuchanganywa. Cha kwanza kinaanza na udongo na uchungu, chokoleti inakuja kama faraja. Cha pili kinaanza na maziwa, na likorisi inainuka chini kwa chini mpaka inatawala. Watu niliowapa vitone hivi bila kuwaambia lolote huapa kwamba ni vya viwanda viwili tofauti.

Sasa mama. Uliyoyasikia ni ya kweli, na hayahusu sukari. Glisirizini huzuia kimeng'enya kwenye figo ambacho kazi yake ni kuvunja homoni ya kortisoli isifike mahali isipotakiwa. Kimeng'enya kikizuiwa, kortisoli hufanya kazi kama homoni nyingine, aldosteroni: figo hushikilia chumvi na maji, na kupoteza potasiamu. Presha hupanda, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huenda kombo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huwaonya watu wa miaka 40 na kuendelea kwamba kula gramu 57 hivi za likorisi nyeusi kila siku kwa wiki mbili kunaweza kumfikisha mtu hospitali. Mwaka 2020 madaktari wa Massachusetts waliripoti mtu wa miaka 54 aliyefariki baada ya kula mfuko mmoja au zaidi kwa siku kwa wiki kadhaa. Katika Umoja wa Ulaya kiwango kinachoshauriwa kutovukwa ni miligramu 100 za glisirizini kwa siku, na peremende yenye gramu 4 au zaidi kwa kilo lazima iandikwe onyo kwa watu wenye presha. Angalia boksi kama onyo hilo lipo.

Vipande viwili vitatu vya jioni moja havilingani na kiasi hicho, kwa hiyo usikose usingizi kwa yaliyopita. Lakini miili haifanani, na mtu ambaye tayari ana presha huguswa na kiasi kidogo zaidi. Kama mama anatumia dawa za kukojoza za kushusha presha, nyingi ya hizo nazo hupunguza potasiamu, na likorisi inaongeza juu yake. Vivyo hivyo kwa dawa za moyo kama digoksini. Wajawazito nao wajiepushe. Mtajie daktari wake neno likorisi kwa jina, maana wengi husema “nilikula chokoleti” na daktari hana sababu ya kuuliza zaidi. Akijisikia misuli imelegea, miguu imevimba, au moyo unaruka mapigo, msisubiri siku ya kliniki. Kama boksi litakuonyesha kwamba zenu ni za anisi bila mzizi, hilo la presha halipo, na mama anaweza kula na wewe.

Usiku huu zitoe hizo mbili za likorisi kwenye boksi, uzifunge peke yake kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, na jibini nalo liwekwe mbali kivyake. Zile tatu nyingine zipe siku moja mahali pakavu pasipo na harufu. Ya lavenda ionje ukiwa hujala kitu kwa saa moja na hujapiga mswaki karibuni, maana dawa ya meno hugeuza vitu kuwa vichungu. Mpe mama nusu yake, na usimwambie ni ipi.